Kocha Makopo na Mkono wa Kushoto wa Frednand

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Wewe uliye shambani na redio yako umeitundika kwenye mgomba, karibu. Wewe uliye dukani, wewe uliye safarini kati ya Ngara na Biharamulo, karibu. Kaa nasi kidogo. Leo tunamkumbuka mtu mmoja.

Jina lake ni Danstan Ndayisaba. Wengi mlimfahamu kwa jina la Kocha Makopo.

Danstan Ndayisaba alifariki dunia Jumatatu ya wiki hii, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Alikuwa akiugua moyo. Tulimzika Alhamisi, nyumbani kwao Kirushya, nyuma ya nyumba ya mama yake, pale migomba inapoishia. Ameacha mke, Mama Bonifasia. Ameacha watoto watatu. Ameacha mama mzazi, Mama Rozalia, ambaye ndiye aliyetuonyesha mahali pa kuchimba. Na ameacha timu ya mpira, Kilimani FC ya hapa Ngara mjini, ambayo kesho Jumapili ina mechi.

Danstan hakuwa kocha mkuu. Nalisema hili mapema kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akilisema mapema, hata kabla hujamwuliza. Kocha mkuu ni Idefonsi Nduwayo, tutamsikia baadaye. Danstan alikuwa fundi wa kuchomelea. Karibu na stendi ya mabasi, ukipita ukaona cheche zinaruka, huyo alikuwa yeye. Mageti, madirisha, fremu za baiskeli zilizokatika. Mchana alichomelea. Jioni alivua miwani yake ya kuchomelea, akaenda uwanjani kuwafundisha vijana kuwa na nguvu.

Na jambo tunalomkumbukia ni swali moja. Mchezaji wa mpira ajenge vipi nguvu ya kifua na mabega? Alale kwenye benchi asukume chuma kirefu, mikono yote miwili imeshika chuma kimoja? Au ashike vyuma viwili vidogo, vile ambavyo jimu za mjini wanaviita dambeli, kila mkono na chuma chake?

Unaweza kusema hilo ni swali dogo. Hapa Ngara kuna watu waliacha kusalimiana kwa sababu yake.

Tuanze na chuma kirefu, kwa sababu Danstan mwenyewe ndiye aliyekileta.

Zamani Danstan alifanya kazi Rusumo, mpakani, akichomelea malori yanayosubiri kuvuka kwenda Rwanda. Siku moja lori lilikata shafti ya nyuma. Dereva akafunga mpya, ile ya zamani akaiacha kwenye nyasi. Danstan akaichukua, akaikata pale palipovunjika, akailainisha, akaipandisha juu ya basi kuja nayo Ngara. Konda akamwuliza, "Fundi, huu ni mzigo au ni abiria? Maana unaushika mkono." Danstan akamjibu, "Huyu ni mchezaji mpya."

Akatafuta gia chakavu za malori, zile zenye tundu katikati. Akazichomeka huku na huku. Akatengeneza benchi la mbao. Basi, Kilimani FC ikawa na chuma chake. Vijana wakakiita Shafti, kama jina la mtu.

Wasikilizaji wapendwa, Shafti ilipendwa. Jioni watu wa bodaboda waliacha pikipiki zao stendi wakaja kutazama. Mchezaji analala chali, anaishusha Shafti mpaka kifuani, halafu anaisukuma juu. Na umati unapiga kelele, "Pandisha! Pandisha!" Aliyepandisha gia nyingi alitembea mjini wiki nzima kama mwenye mji.

Kocha Idefonsi aliniambia hivi: "Danstan alikuwa akiigusa ile Shafti kama mtu anavyomgusa ng'ombe wake. Usije ukaambiwa kwamba aliichukia. Aliipenda kuliko sisi wote."

Na aliyepandisha gia nyingi kuliko wote alikuwa golikipa. Anaitwa Frednand.

Frednand ni kijana wa Kirushya. Analeta ndizi sokoni Ngara kwa baiskeli. Mnaifahamu kazi hiyo. Mikungu inafungwa huku na huku mpaka baiskeli yenyewe haionekani, unaona mgomba unatembea. Huipandi baiskeli hiyo. Unaisukuma, kilima baada ya kilima, mpaka mjini. Kijana anayefanya kazi hiyo ana nguvu, hakuna anayebisha. Frednand alipolala chini ya Shafti, watu wa bodaboda waliwekeana dau la soda, na waliomwamini walikunywa.

Lakini Frednand alikuwa na tatizo golini. Mipira ya kulia kwake ilikuwa haipiti. Ya kushoto ilikuwa inapita. Anaiona, anaruka, mkono unafika, mpira unausukuma mkono na kuingia nao wavuni. Mechi moja, mechi ya pili, mechi ya tatu. Timu nyingine zikajua. Wenye mashabiki wabaya zaidi walikuwa watu wa Biharamulo, wa timu inayoitwa Msitu FC. Walikuja hapa Ngara wakaimba nyuma ya goli letu dakika zote tisini, "Kushoto hakuna mtu! Kushoto hakuna mtu!" Wakatufunga mawili. Yote kushoto.

Baada ya mechi hiyo kila mtu akawa daktari. Mmoja alisema jicho la kushoto halioni vizuri. Mwingine akasema kijana ametupiwa kitu, apelekwe kwa mtu anayejua. Kocha Idefonsi alisema dawa ni moja: aongezewe gia kwenye Shafti.

Wakamwongezea. Danstan akaenda kusimama mahali ambapo hakuwahi kusimama. Siku zote husimama kichwani kwa mchezaji, tayari kudaka chuma kikizidi. Jioni ile akamwachia mtu mwingine kazi hiyo. Yeye akasimama miguuni kwa Frednand, akainama, akatazama.

Akaiona Shafti inapanda ikiwa imelala upande. Kulia inatangulia, kushoto inafuata nyuma. Mwisho zinalingana, mikono inanyooka, umati unashangilia. Lakini njiani mkono mmoja ulikuwa unambeba mwenzake. Na kwa sababu chuma ni kimoja, kazi ya mmoja ilihesabiwa kuwa ya wawili.

Mama Bonifasia, mke wake, anakumbuka asubuhi iliyofuata. Msikilizeni.

"Aliondoka bila kunywa chai. Nikamwuliza, baba, unakwenda wapi? Akasema, nakwenda kutazama baiskeli. Baiskeli gani? Akasema, zote. Nikajisemea, haya, mume wangu ameanza."

Alikwenda kukaa kando ya barabara inayotoka Kirushya. Akatazama wasukuma ndizi wakipita. Na aliona jambo ambalo sisi sote tumelitazama tangu tumezaliwa bila kuliona. Wote walikuwa wakitembea upande mmoja wa baiskeli. Upande wa kushoto. Kwa nini? Kwa sababu upande wa kulia una mnyororo, na mnyororo una girisi, na girisi inaharibu suruali. Hakuna aliyewafundisha. Kila mmoja alimwona mkubwa wake akifanya hivyo. Sasa ukiwa kushoto kwa baiskeli, mkono wako wa kulia uko nyuma, kwenye mzigo, unasukuma kilima. Mkono wako wa kushoto uko mbele, umeshika usukani tu. Kila siku. Miaka nenda, miaka rudi.

Danstan akarudi mjini. Akaomba makopo matupu kwa wapaka rangi. Akachanganya saruji, mchanga na kokoto, akayajaza zege, mawili mawili, na kila mawili akayaunganisha kwa kipande cha bomba cha kushikia. Hizo ndizo dambeli za Kilimani FC. Hapo ndipo jina la Kocha Makopo lilipozaliwa.

Jioni akamwita Frednand mbele ya wote. Hapo alikosea, na alikuja kukiri kwamba alikosea. Alipaswa kumwita pembeni.

Akamlaza kwenye benchi. Akampa chuma cha makopo mkono wa kulia. Frednand akakipandisha na kukishusha huku anaongea na watu. Akampa kilekile mkono wa kushoto. Kikapanda kidogo. Kikasimama. Mkono ukaanza kutetemeka, kiwiko kikafunguka nje, na mwenye Shafti, mfalme wa gia zote, akashindwa na makopo ya rangi.

Watu walicheka. Mtu mmoja wa bodaboda akasema, "Kumbe huyu ana mkono mmoja na fimbo!" Wakacheka zaidi.

Frednand aliinuka. Akasema, "Kaka Danstan, umenidhalilisha." Akachukua baiskeli yake, akaondoka.

Na Kocha Idefonsi naye hakufurahi. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu kabla ya mechi ya marudiano na Msitu FC, safari hii kwao, Biharamulo. Nilimwomba Kocha Idefonsi anirudie maneno waliyoambiana. Alinirudia bila kujificha.

"Nilimwambia, Danstan, unamchukua kipa wangu anayesukuma gia zote zile, unampa makopo? Akasema, ndiyo. Nikamwambia, sikiliza. Tunakwenda Biharamulo. Likiingia goli kushoto, Frednand anakaa benchi, namweka mwingine. Na wewe unarudi kwenye mageti yako. Akasema, sawa. Nikamwuliza, sawa ipi? Akasema, sawa zote mbili."

Wasikilizaji wapendwa, nataka tuelewane hapa. Nafasi ya Frednand golini ilikuwa mikononi mwa mechi moja. Na kwa Frednand goli halikuwa mchezo wa jioni tu. Alikuwa ameniambia mwenyewe, "Mimi kwenye barabara ni mtu wa ndizi. Kwenye goli ni Frednand."

Danstan akamfuata barabarani. Alimkuta katikati ya kilima, anasukuma, jasho linatiririka. Frednand akamwamkia, maana hasira haiondoi adabu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hama upande."

"Nini?"

"Hama upande wa baiskeli. Njoo kulia."

"Mnyororo utanichafua suruali, kaka."

"Suruali inafuliwa," Danstan akasema. "Goli likiingia halifuliwi."

Frednand hakuhama. Danstan akaenda yeye upande wa kulia, akaweka mkono wake wa kushoto kwenye mikungu, akasukuma. Wakapandisha pamoja, mmoja huku, mmoja huku. Kilimani juu Danstan alikuwa anahema na suruali yake imeingia girisi mpaka gotini. Akasema, "Nisamehe kwa ya jana. Ningekuita pembeni." Frednand akatazama ile suruali. Akasema, "Mama Bonifasia atakuua." Basi, hapo wakawa wamepatana.

Kuanzia siku iliyofuata Frednand alisukuma ndizi akiwa upande wa kulia. Mama mmoja wa sokoni, Eufrazia, anayenunua ndizi zake, alimwona anaingia sokoni na kuita wenzake, "Jamani, njooni muone! Leo baiskeli imemgeukia kijana wa watu!" Na mzigo ulimwangukia mara kadhaa. Mkono uliozoea kushika usukani haujui kusukuma kilima.

Na jioni, makopo. Danstan alikuwa na sheria moja. Naomba niirudie ili aliye mbali na redio asogee. Sheria ilikuwa hii: mkono dhaifu unaanza. Na mkono wenye nguvu unaishia pale mkono dhaifu ulipoishia. Hata kama bado una nguvu. Hata kama unawasha. Unaishia hapohapo, unamsubiri mwenzako.

Frednand alilalamika. "Kaka, sasa huu wa kulia si utalala?"

"Haulali. Unajifunza subira."

"Mimi sihitaji mkono wenye subira, nahitaji mkono wa kudaka."

"Shika kopo, bwana."

Ilikuwa kazi isiyo na mshangiliaji. Upande ule vijana wanapiga kelele kwenye Shafti, "Pandisha! Pandisha!" Upande huu mtu mmoja amelala kwenye ubao, makopo yanatetemeka, na fundi wa kuchomelea amechuchumaa pembeni anasema polepole, "Kiwiko. Kiwiko. Usikiache kitoroke."

Mtu anachoka na ukimya. Jioni moja Danstan alichelewa, alikuwa anamalizia geti la mtu. Watu wa bodaboda wakamchokoza Frednand. "Mfalme ameacha kiti! Au siku hizi unaogopa chuma?" Frednand akaliacha kopo. Akalala chini ya Shafti. Wakamwekea gia zote.

Danstan alifika wakati Shafti iko njiani. Mkono wa kushoto, uliokuwa umechoshwa na makopo na kilima, ukabaki nyuma. Shafti ikalala. Gia za upande wa kushoto zikateleza, zikaanguka zote chini. Na chuma kikipoteza uzito upande mmoja, upande wa pili hauna huruma. Kulia kukashuka, Shafti ikageuka kama mlango uliofunguliwa kwa nguvu. Danstan alikuwa ameshafika. Aliidaka isimpige Frednand usoni. Gia ya mwisho ikamwangukia Danstan mguuni, kwenye kidole gumba.

Hakuna aliyecheka jioni hiyo. Frednand alikuwa amekaa chini analia. Danstan amekaa chini pia, ameushika mguu wake.

Akamwuliza, "Kichwa chako kipo?"

"Kipo."

"Meno?"

"Yapo."

"Basi kesho makopo."

Kidole kile hakikupona vizuri. Mliomwona Danstan akitembea kwa kuchechemea miaka hii ya mwisho, chanzo ni hicho. Lakini kabla hata hajakwenda kusafishwa kidonda, alimtuma mtu dukani kwake kuleta vipande vya bomba na mtungi wa gesi. Kesho yake Shafti ilikuwa na vifungo viwili vya chuma, kimoja kila mwisho, vya kuzuia gia zisiteleze. Alisema, "Frednand alikosea kulala. Mimi nilikosea kutengeneza." Vile vifungo vipo mpaka leo.

Tukaenda Biharamulo.

Mashabiki wa Msitu FC walikuwa wametusubiri. Kabla hata mpira haujaanza waliimba, "Kushoto hakuna mtu!" Mzee mmoja wa kwao, mwenye kofia yake ya kiislamu na fimbo yake, alikuja mpaka nyuma ya goli akamwambia Frednand kwa upole kabisa, "Mwanangu, pole. Leo utachoka upande mmoja."

Mpira wa kwanza ulikwenda kushoto. Chini, mkali, pembeni ya nguzo. Frednand akaruka. Mkono wa kushoto ukafika. Na safari hii mpira uliusukuma mkono, na mkono haukusukumika. Mpira ukatoka nje, kona.

Mashabiki wakaimba tena. Mpira wa pili, kushoto. Akaupangua kwa ngumi. Wa tatu, kushoto, juu. Akautoa kwa ncha za vidole. Danstan alikuwa amekaa kwenye nyasi, mguu wake umefungwa bandeji, na Kocha Idefonsi anasema hakushangilia hata mara moja. Kila mpira alikuwa anasema neno moja tu. "Kiwiko."

Mwisho wa kipindi cha kwanza wimbo uliisha. Hakukuwa na sababu ya kuuimba.

Ningependa kuwaambia kwamba tulishinda. Hatukushinda. Dakika za mwisho mshambuliaji wao alipiga kulia, mpira ukagonga goti la beki wetu, ukabadili njia, ukaingia. Moja bila. Tulifungwa Biharamulo, moja bila.

Tukapanda basi la kurudi. Frednand alikaa siti ya nyuma kabisa, kichwa kwenye dirisha. Danstan alikaa katikati, mguu ameunyoosha kwenye njia. Kocha Idefonsi alikaa mbele, karibu na dereva. Kila mtu alikuwa anangoja hukumu.

Giza lilipoanza kuingia, Kocha Idefonsi akaita bila kugeuka.

"Danstan."

"Naam."

"Goli lilipita wapi?"

"Kulia."

"Kulia," Kocha akarudia. Halafu akasema, "Kwa hiyo sasa na huo wa kulia uutengenezee kopo?"

Wasikilizaji wapendwa, basi zima lilicheka. Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo. Frednand alicheka huku anajifuta macho. Na jambo lilikuwa limekwisha. Frednand alibaki golini. Danstan alibaki na timu.

Sasa sikieni kilichofuata, kwa sababu wengi hawakijui. Vijana walitaka Shafti iuzwe kama chuma chakavu. Waliona makopo yameshinda, basi chuma kirefu kiondoke. Danstan akakataa. Aliwaambia, na maneno haya ameyarudia mara nyingi, "Chuma hakina kosa. Chuma ni kizito, na uzito tunauhitaji. Makopo hayawezi kukupa uzito ule. Beki akikugonga hakugongi kwa mkono mmoja, anakuja na mwili wote. Lakini ukianza na Shafti, mkono mmoja unajificha nyuma ya mwenzake. Kila mkono kwanza ujibu swali lake peke yake. Ukijibu, nendeni pamoja kwenye chuma kizito."

Hivyo ndivyo Kilimani FC inavyofanya mazoezi mpaka leo. Makopo kwanza, mpaka mikono ilingane. Kisha Shafti, na mtu mmoja anasimama miguuni kutazama kama inapanda sawa. Si lazima ukubaliane nao. Kuna makocha wa hukohuko Biharamulo wanaoanza na chuma kirefu na wanafunga magoli. Danstan alikuwa akiwasalimia vizuri tu. Lakini yeye aliwatazama vijana wa hapa, wanaosukuma ndizi upande mmoja wa baiskeli, akatafuta kinachowafaa wao.

Nilipokuwa msibani nilikaa na Mama Rozalia, mama yake. Nilimwamkia, akaniitikia, akanishika mkono. Bila kuulizwa akaniambia hivi: "Danstan alizaliwa wa kushoto. Tulimfunga mkono kwa kitambaa wakati wa kula ili ajifunze kulia. Ndivyo ilivyokuwa, kushoto ni aibu mbele ya wageni. Alijifunza. Lakini alipokuwa peke yake shambani nilimwona anakata kwa kushoto."

Nikamwuliza Mama Bonifasia kama labda ndiyo sababu ya makopo. Akatikisa kichwa. "Hapana. Yeye aliona baiskeli tu. Ninyi mliosoma mnapenda sababu." Sijui nani yuko sahihi. Nimewaletea maneno ya wote wawili.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimkataza kubeba na kunyanyua. Aliendelea kuja uwanjani. Alikaa kwenye kreti ya soda, shati amefunga vifungo vyote kwa ajili ya baridi, akahesabu kwa wengine. Alipokosa pumzi ya kuhesabu, alihesabu kwa kidole.

Jumatano, usiku wa kuamkia maziko, wachezaji wote walikwenda Kirushya. Frednand ndiye aliyewasemea. Alimwomba Mama Bonifasia ruhusa timu iahirishe mechi hii ya Jumapili, kwa heshima ya marehemu. Mechi yenyewe ni na Msitu FC, na mshindi ndiye atakayeiwakilisha kanda hii mkoani. Mama Bonifasia aliwatazama kwanza. Halafu akasema, na mimi nilikuwepo:

"Mmekuja kulia, lieni. Hapa ndipo mahali pake. Lieni leo, lieni kesho, mkimzika mlie. Jumapili mkacheze. Yeye mguu ulimuuma mwezi mzima na hakukosa mazoezi. Ninyi mnataka kukosa mechi?"

"Mama, itakuwa vigumu," Frednand akasema.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nawatuma ninyi, siwatumi watoto wangu."

Kwa hiyo kesho Jumapili, saa kumi jioni, Kilimani FC watacheza. Frednand atakuwa golini.

Kwa niaba ya wote tulio hapa studio, natoa pole kwa Mama Bonifasia. Pole kwa watoto. Pole kwa Mama Rozalia, ambaye amemzika mwanawe. Pole kwa Kocha Idefonsi, kwa Frednand na wachezaji wote, na kwa mafundi wenzake wa stendi ambao wiki nzima hawakuwasha mashine. Watu wa Msitu FC wametuma rambirambi kutoka Biharamulo. Wametuambia kesho hawataimba wimbo ule. Frednand amejibu kwamba waimbe tu. Mungu ampumzishe Danstan Ndayisaba kwa amani.

Na wewe unayenisikiliza, nakuomba jambo moja kabla ya kulala. Jioni ukienda kuchota maji, ndoo ibebe kwa ule mkono ambao huwa huutumii. Hatua chache tu. Utauona unavyotetemeka. Usiucheke. Usimwite mtu aje kuutazama. Ishushe ndoo polepole, na kesho uanzie hapo.